Duka Mkononi, Mtoto Mgongoni

Somo kwa wakatekumeni juu ya kazi, malezi na haki katika biashara ya simu

Wahenga walisema: Mshika mbili, moja humponyoka. Neno hilo huwatia hofu akina mama wengi wenye watoto wadogo. Mama ana mtoto wa kulea, tena ana chakula cha kutafuta. Akienda sokoni tangu alfajiri, nani atamwangalia mtoto? Akikaa nyumbani na mtoto, nani atatia kitu chunguni? Siku hizi wengi wameona njia ya tatu, nayo ni kuuza vitu kwa simu wakiwa nyumbani mwao. Je, njia hiyo ni njema? Na mtu aifuateje, ili lolote kati ya yale mawili lisimponyoke? Ndiyo mambo ya somo hili.

Mfano wake watoka mtaa wa Majengo, katika mji wa Goma. Wasomaji wengi wa vijijini wana ndugu huko. Majengo ni mtaa wa komine ya Karisimbi, upande wa kaskazini wa mji. Nyumba zake zimesongamana juu ya mawe meusi ya volkano, wala hakuna nafasi ya kulima shamba la kulisha jamaa. Kijijini mtu huweza kuchimba muhogo wake na kuchuma sombe yake. Majengo yampasa kununua maji, makala, unga na maharagwe. Asiyepata fedha leo, leo hii hali. Kwa hiyo biashara huko si tamaa ya utajiri. Kwa nyumba nyingi ni posho ya siku.

1. DUKA LISILO NA MLANGO

Yafaa kwanza kueleza jinsi duka la simu lifanyavyo kazi, maana si wote waliolitazama kwa karibu.

Muuzaji hupiga picha ya bidhaa yake kwa simu. Huituma kwa watu anaojuana nao, hasa kwa njia ya WhatsApp au Facebook, akiandika bei na uzito. Anayetaka humwandikia au humpigia simu. Wakiisha kupatana, mnunuzi hulipa, na mwendesha pikipiki hupeleka mzigo. Malipo nayo huweza kupita katika simu. Huduma ya namna hiyo iitwayo M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, nayo ikafika Kongo mwaka 2012. Airtel Money na Orange Money nazo hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Mtu hutia fedha kwa wakala, humtumia mwenziwe, na huyo mwenziwe huzitoa kwa wakala aliye karibu naye.

Duka hilo lina faida tatu zilizo wazi. Ya kwanza, halilipiwi kodi ya kibanda. Ya pili, mama halazimiki kumwacha mtoto kutwa nzima. Ya tatu, huchukuliwa mkononi siku ya kukimbia. Watu wa Majengo wanaifahamu vema faida hii ya tatu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulitoa moto, na mto wa moto ukashuka hadi Buhene, kwenye ukingo wa mji. Siku tano baadaye serikali iliamuru mitaa 10 kati ya mitaa 18 ya Goma ihamishwe upesi, na Majengo ulikuwa mmojawapo. Mama aliyekuwa na meza ya bidhaa aliiacha. Aliyekuwa na majina ya wanunuzi wake katika simu aliondoka nayo, mtoto akiwa mgongoni.

Lakini kila faida ina deni lake. Katika duka la simu wamo watu wawili wasioweza kujitetea. Wa kwanza ni mtoto mdogo, kwa sababu hawezi kudai haki yake kwa maneno. Wa pili ni mnunuzi, kwa sababu hakioni kile anachokinunua. Anayeweza kuwatendea haki wote wawili, huyo anaiweza biashara hii. Mfano ufuatao utaonyesha jambo hilo. Ni mfano wa kufundishia tu, wala haumtaji mtu fulani. Lakini mambo ya namna yake hutukia.

2. MFANO WA MAMA MUUZA UNGA

Mama mmoja alikaa Majengo pamoja na mumewe, aliyekuwa mwashi, na watoto wao wawili: binti wa miaka minne, na mvulana wa miezi kumi aliyeanza kutambaa. Mama huyo aliuza unga wa uji, ule wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama. Alinunua nafaka katika soko la Virunga, akazichagua, akazikaanga, akazipeleka kwenye mashine ya kusaga, kisha akafunga unga katika pakiti za kilo moja moja. Alipiga picha pakiti zake na kuwatumia akina mama aliowajua. Mwezi wa kwanza wanunuzi walikuwa watano. Mwezi wa sita walizidi thelathini. Kodi ya nyumba ilianza kulipwa kwa wakati wake.

Lakini simu haina saa ya kufunga. Iliita alfajiri, iliita usiku wa manane. Mama aliponyonyesha, macho yake yalikuwa kwenye simu. Aliposonga fufu, mkono mmoja ulishika mwiko na wa pili simu. Binti akimwambia, «Mama, ona!», alimjibu, «Ngoja.» Mwishowe binti akaacha kuita.

Jioni moja mama aliinjika sufuria ya maji juu ya mbabula, uani. Mnunuzi mmoja alikuwa akibishana naye bei, na kila jibu lilileta jibu jingine. Mama akageuka kando apate kusikia vema. Mvulana akatambaa kuelekea makaa mekundu. Dada yake akamwona, akamrukia na kumvuta kwa nguo. Katika kumvuta mkono wake ukapiga sufuria, na maji ya moto yakamwagika juu ya mkono ule. Mtoto mchanga hakuumia. Binti wa miaka minne ndiye aliyeungua akifanya kazi ya mama.

Koko mmoja, jirani yao, alisikia kilio akaja mbio. Hakupaka mafuta wala dawa ya meno, kama wengi wafanyavyo kwa kutojua. Aliumwagia mkono maji safi ya baridi kwa muda mrefu, kama dakika ishirini, akaufunika kwa kitambaa safi, kisha wakampeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Jeraha lilipona baada ya majuma machache, lakini kovu lilibaki.

Usiku ule mume alikasirika. «Mama watoto,» alisema, «hiyo simu itatuulia watoto. Kesho uifunge, biashara imekwisha.»

Mama alikuwa bado analia. Akajibu, «Baba watoto, kosa ni langu, sitalikana. Lakini kodi ya mwezi uliopita ililipwa na unga huu. Tukiufunga, mwezi ujao tutalipa nini? Nawe jioni ile ulikuwa umekwisha toka kazini. Ulikuwa umeketi barabarani na rafiki zako. Watoto hawa wana mzazi mmoja?»

Mume akanyamaza kitambo. Kisha akasema, «Hilo nalo ni kweli.» Asubuhi wakamwita koko, wakashauriana.

3. KUWAPO NYUMBANI NA KUWA PAMOJA NA MTOTO

Mfano huu wafundisha nini? Wafundisha kwanza kwamba kuwapo nyumbani si sawa na kuwa pamoja na mtoto. Mwili wa mama ulikuwa hatua tatu kutoka kwa mwanawe, lakini moyo wake ulikuwa sokoni. Mama anayekwenda sokoni kweli huujua upungufu wake, naye humwachia mtoto mtu wa kumlinda. Mama wa duka la simu huweza kujidanganya kwamba analinda, kumbe hakuna alindaye.

Mtoto mdogo ana haki ambazo haziwezi kungojea. Waganga wafundisha kwamba katika miezi sita ya kwanza mtoto alishwe maziwa ya mama peke yake, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula kingine hadi miaka miwili au zaidi. Mtoto anyonyaye huutazama uso wa mama. Humo hujifunza kucheka na kusema. Tena mama asimtulize mtoto kwa kumpa simu achezee. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya picha za simu wala za televisheni, na mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Ni kweli kwamba mzigo huu ni mzito zaidi kwa mama anayejifanyia kazi mwenyewe. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 humpa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya majuma 14. Muuza unga wa Majengo hana mwajiri wa kumpa likizo. Yampasa kujipa mwenyewe, kwa kuweka akiba kabla ya kujifungua na kwa kupata msaada wa jamaa. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba kazi yapasa kupangwa kwa kuyaheshimu maisha ya nyumbani, na mama asilazimishwe kuacha malezi ya watoto wake ili apate riziki. Neno hilo lawahusu waajiri na serikali. Lawahusu pia waume.

Je, mume aweza kusema, «Malezi ni kazi ya mke»? Hasha! Mtoto ni wa wote wawili, na ahadi ya ndoa iliwafunga wote wawili. Wala mume asidhani kwamba biashara ya mke ni mali yake ya kufungua na kufunga apendavyo. Zamani, kwa sheria ya jamaa ya Kongo ya mwaka 1987, mke alihitaji ruhusa ya mumewe kwa mapatano mengi ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Siku hizi sheria yawataka mume na mke wapatane juu ya mambo ya nyumba. Yafaa wasomaji wa vijijini walijue jambo hili, maana wengi bado hufuata habari za zamani.

Basi yule mama, mumewe na koko walipatana hivi:

Kwanza, duka liwe na saa. Asubuhi lifunguliwe saa tatu na kufungwa saa tano, wakati ambapo mvulana hulala na binti yuko kwa koko. Jioni lifunguliwe saa moja na kufungwa saa mbili, baba akiwashika watoto. Saa hizo ziandikwe chini ya kila picha ya unga, ili mnunuzi ajue.

Pili, mbabula inapowaka, simu iwekwe juu ya kabati, nayo isishikwe hata ikiita mara kumi. Na mbabula izungushiwe mawe makubwa, mtoto asiifikie.

Tatu, koko apewe haki yake. Kila juma apate kilo mbili za unga na fedha kidogo. Kumlea mtoto wa mwenzako ni kazi. Anayeifanya asilipwe kwa maneno «asante, koko» peke yake.

Nne, siku ya Jumapili duka lifungwe kutwa.

Je, mama alipata hasara? Ndiyo. Wanunuzi watatu walikasirika kwa kungojeshwa, wakaenda kwa wengine. Waliobaki walizizoea saa zake. Na binti, ambaye alikuwa ameacha kuita, alianza tena kusema, «Mama, ona!»

4. MNUNUZI ASIYEONA

Sasa yafuata fundisho la pili, juu ya yule mwingine asiyeweza kujitetea.

Sokoni mnunuzi hutia mkono katika gunia. Hunusa, huonja, hupima kwa macho. Katika duka la simu aona picha tu, na picha haina harufu. Kwa hiyo amri ya saba, inayokataza wizi, yamfunga muuzaji wa simu kwa nguvu zaidi, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuivunja pasipo kuonekana.

Yule mama alijaribiwa katika jambo hili. Wakati wa mvua kubwa, maji yalipita katika bati lililotoboka na kulowesha gunia zima la mahindi. Kabla hajalitambua, mahindi yalikuwa yameanza kuota ukungu wa kijani. Gunia lile alilinunua kwa fedha za likelemba, na zamu yake ya kuchanga ilikuwa karibu. Muuzaji mwenziwe alimwambia, «Mama, usilie. Uyaanike, uyakaange sana, uyasage pamoja na soya. Ukiisha kuyafunga katika pakiti, nani atajua?»

Mama akayaanika. Akayatazama siku mbili. Jioni ya pili mumewe akamwuliza, «Uji huu hunywewa na nani?»

«Watoto wachanga,» akajibu.

«Kama huyu?» akauliza, akimnyoshea kidole mvulana wao.

Mama hakujibu. Asubuhi yake walichimba shimo, wakayafukia.

Yafaa kujua kwamba walifanya vema hata kwa elimu ya waganga. Mahindi na karanga vikiota ukungu huweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini, nayo huwadhuru watoto hasa katika kukua kwao. Wala kukaanga na kuchemsha hakuiondoi yote. Mnunuzi asingeiona. Mtoto wa mnunuzi asingeisema.

Mji wa Goma una mfano mkubwa kuliko huu, nao si wa kubuniwa. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Watu fulani walitaka kupitisha chakula kilichoharibika, wakamwahidi fedha ili afumbe macho. Alikataa, kwa kuwa chakula hicho kingewadhuru watu wengi. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri na shahidi. Wale aliowalinda hawakumjua. Walikuwa wanunuzi wasioona, kama wale wa duka la simu.

Mama wa Majengo hakuombwa kumwaga damu. Aliombwa gunia moja la mahindi. Alipolifukia, hakuna aliyemsifu, kwa maana hakuna aliyejua. Aliwaendea wenzake wa likelemba, akawaambia ukweli, wakampa miezi miwili ya kulipa. Majuma matatu duka lilikaa bila unga. Kisha akaanza tena kwa kilo kumi.

Haki kwa mnunuzi ina mambo mengine madogo ya kila siku. Picha iwe ya bidhaa ile ile inayouzwa, si ya bidhaa nzuri ya mtu mwingine. Kilo iwe kilo. Bei iwe moja kwa ajuaye na kwa asiyejua. Mzigo ukichelewa, muuzaji aseme mapema. Bidhaa ikionekana mbovu, airudishe fedha pasipo ugomvi. Hata sheria ya nchi imeanza kuyaangalia mambo hayo, maana tarehe 13 Machi 2023 Kongo ilitoa kanuni ya mambo ya mtandao, nayo yahusu pia biashara ya namna hii.

5. HESABU NA FEDHA

Wengi husema, «Nauza sana, lakini sioni fedha.» Sababu ni kwamba hawaandiki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ichukuliwe hesabu ifuatayo kwa mfano tu. Mama anunua nafaka kwa franka 60,000 na kupata pakiti 40 za unga. Auza kila pakiti franka 2,500. Jumla ni 100,000. Asiyeandika adhani amepata faida ya 40,000. Lakini daftari lasema hivi: kusaga 6,000, makala ya kukaanga 5,000, pakiti 3,000, mega za simu 5,000, pikipiki 8,000, haki ya koko 3,000. Hiyo ni 30,000. Faida ya kweli ni 10,000. Akila 40,000, amekula mtaji wake, na juma lijalo hatakuwa na mahindi.

Kwa hiyo fedha za unga zitengwe na fedha za jikoni. Kila jioni mama aandike mambo matatu: kilichouzwa, kilichotumika, na anayedaiwa. Aanze kwa kidogo, kwa mtaji wake mwenyewe au kwa akiba ya chama. Haba na haba hujaza kibaba. Mkopo wa haraka wenye riba kubwa aukimbie.

Tena ajihadhari na wezi wa simu. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa shirika la simu. Wengine hutuma ujumbe wa uongo usemao kwamba fedha zimefika, kisha husihi, «Mama, nimekosea, nirudishie.» Asirudishe neno wala fedha kabla hajatazama mwenyewe salio lake. Ujumbe si fedha.

Mwisho, asiweke vyote katika simu. Mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma ulipotekwa na M23 baada ya mapigano makali, maji na umeme vilikatika na mabenki yalifunga milango. Simu isiyo na umeme haiuzi wala hailipi. Majina na namba za wanunuzi ziandikwe pia katika daftari. Unga wa siku chache uwekwe nyumbani kwa ajili ya watoto wenyewe. Na fedha kidogo ziwekwe mahali pengine, kwa siku ya kukimbia.

6. MASWALI NA MAJIBU

Swali: Je, ni vibaya mama kufanya biashara?
Jibu: Si vibaya. Kitabu cha Mithali, katika sura yake ya mwisho, chamsifu mke atengenezaye nguo na kuziuza, naye huangalia mambo yote ya nyumba yake. Na Lidia, muuza nguo za zambarau, ni miongoni mwa waamini wa kwanza wa mji wa Filipi.

Swali: Mama wa duka la simu amkumbuke nani kwanza?
Jibu: Awakumbuke wawili wasioweza kujitetea: mtoto asiyejua kudai, na mnunuzi asiyeona.

Swali: Amtendeeje mtoto haki?
Jibu: Aweke saa za duka na saa za mtoto, asizichanganye, na wakati wa moto na wa kunyonyesha aiache simu.

Swali: Baba apaswa kufanya nini?
Jibu: Awashike watoto katika saa za biashara ya mkewe, ashauriane naye juu ya fedha, asiifunge kazi yake kwa hasira.

Swali: Muuzaji akipata hasara kwa kusema kweli, amepotewa?
Jibu: Amepotewa na gunia. Hakupotewa na haki yake, wala watoto wa wengine hawakudhurika kwa mkono wake.

Swali: Je, mshika mbili lazima moja imponyoke?
Jibu: Humponyoka ashikaye zote mbili kwa wakati mmoja, akiwa peke yake. Ashikaye kila moja kwa saa yake, akisaidiwa na mwenziwe, aweza kuzihifadhi zote mbili.

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila jioni ya juma hili, wakati chakula kinapopikwa, mwenye simu aiweke mahali pa juu, asiiguse mpaka watoto wamekwisha kula. Baba amchukue mtoto mmoja magotini na kumwuliza habari za siku yake. Na kila anayeuza kitu, kwa simu au kwa meza, akitazame kitu chake kabla ya kukitoa na kujiuliza: Je, mwanangu mwenyewe ningempa hiki?